Wasomaji Wanauliza: Kibarua cha Msimu Katika Mashamba ya Ughaibuni

Tangu tulipogusia ajira za nje katika safu hii, barua nyingi zinazotufikia zinauliza juu ya kazi za kuchuma matunda, kuvuna mboga na kuhudumia vitalu nyumba katika nchi za kigeni, kazi ambazo mtu huenda kuzifanya kwa miezi michache kisha akarudi kwao. Tumechagua barua ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, tukazifupisha bila kugeuza maana, na tumeacha majina ya waandishi wake.

Ndugu Mhariri, nimekutana na tangazo la kazi ya kuchuma stroberi Ulaya. Wakala anasema nafasi zimebaki chache, viza ni ya uhakika, na natakiwa kutuma ada ya kuhifadhi nafasi kabla ya mwisho wa wiki. Kiasi kitakachobaki nitalipa viza ikitoka. Sina fedha hizo, ila ndugu yangu yuko tayari kunikopesha. Nitajuaje kama kazi hii ipo kweli?

Ndugu msomaji, usitume fedha hizo. Tumelitanguliza jibu kwa sababu siku ulizopewa ni chache. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu zaidi.

Karibu kila nchi inayopokea vibarua wa kigeni mashambani ina utaratibu unaoanzia kwa mwajiri. Mwenye shamba, au taasisi iliyoidhinishwa kumtafutia watu, ndiye anayetakiwa kuieleza serikali yake kwamba anahitaji wavunaji kutoka nje, kwamba watakuwa na mahali pa kulala, na kwamba watalipwa kiwango kinachokubalika kisheria. Akishakubaliwa ndipo nafasi zinapopatikana, na baada ya hapo ndipo mtu mwenye jina na pasipoti anapoitwa kwenda ubalozini kuomba viza. Viza ni kituo cha mwisho cha safari ya makaratasi ambayo mtu mwingine ameianza miezi kadhaa kabla yako. Anayekuahidi viza kabla hajakutajia jina la shamba, mahali lilipo, zao linalovunwa, na tarehe za kuanza na kumaliza kazi, anakuuzia kitu asichonacho, kwa maana hata afisa wa ubalozi hawezi kuahidi viza kabla hajaliona ombi lenyewe.

Kwa hiyo mwulize wakala wako maswali mawili: mwajiri ni nani, na kibali chake cha kuajiri kiko wapi? Kibali hicho kina sura tofauti katika kila nchi. Kanada hutoa tathmini ya athari za ajira hiyo kwa soko la kazi, ambayo watu wengi huijua kwa herufi LMIA. Nchini Italia mwajiri huomba idhini iitwayo nulla osta, tena kwa idadi iliyopangwa na serikali, na maombi hufunguliwa siku maalumu kwa njia ya intaneti. Marekani ina viza ya H-2A, ambayo mwajiri huanza kuishughulikia katika Idara ya Kazi kabla ya kwenda kwenye mamlaka ya uhamiaji. Uingereza haimruhusu mkulima kumdhamini kibarua wa msimu moja kwa moja. Udhamini hutolewa na waendeshaji wachache waliopewa leseni, ambao majina yao yamo katika tovuti ya serikali, na mfanyakazi hupewa namba ya cheti cha udhamini. Wakala wa kweli atakueleza mambo haya bila kukasirika. Tapeli ndiye anayekasirika, au anayekukumbusha kwamba wenzako wamekwisha kulipa.

Ukipata jina la mwajiri, lihakiki kwa njia ambayo wakala hakukupa. Tafuta mwenyewe namba ya simu ya shamba, uulize kama wanamfahamu mtu huyo. Matangazo ya kazi za H-2A huwekwa wazi katika tovuti ya Idara ya Kazi ya Marekani, seasonaljobs.dol.gov, yakionyesha mwajiri, tarehe, saa za kazi na malipo; Kanada ina tovuti ya serikali iitwayo Job Bank, na huchapisha orodha ya waajiri waliokubaliwa LMIA. Angalia pia mwisho wa anwani ya tovuti au barua pepe uliyotumiwa, kwa sababu matapeli hupenda kutengeneza anwani inayofanana na ya serikali isipokuwa kwa herufi moja au mbili. Kisha nenda katika wizara inayosimamia kazi nchini mwako, uulize kama wakala huyo amesajiliwa, kama leseni yake haijaisha muda, na kama inamruhusu kupeleka watu katika nchi anayoitaja. Tunashangaa jinsi hatua hii ya mwisho, ambayo kwa kawaida haina gharama yoyote, inavyorukwa na watu ambao wako tayari kuuza kiwanja ili walipe ada.

Kuhusu fedha yenyewe, Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika Mkataba wake Namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, liliweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kifungu hicho kinaziachia nchi nafasi ya kuweka misamaha, na si kila nchi imeuridhia mkataba huo, kwa hiyo zipo sheria za kitaifa zinazoruhusu ada ndogo zenye kikomo. Hata hivyo mwelekeo ni kwamba gharama ya kumtafuta mfanyakazi imwangukie anayemhitaji. Katika mpango wa H-2A wa Marekani kumtoza mfanyakazi fedha kwa ajili ya kumpatia kazi kumepigwa marufuku kabisa, na ikigundulika, ombi la mwajiri linaweza kukataliwa. Maana yake ni kwamba anayekutoza ada ya nafasi, hata kama nafasi ipo, anaihatarisha nafasi hiyohiyo.

Hatusemi kwamba utasafiri bila kutoa chochote. Kuna pasipoti, ada ya viza inayolipwa ubalozini au katika kituo rasmi cha maombi, vipimo vya afya pale vinapotakiwa, na katika baadhi ya nchi nauli ya ndege. Hizo ni gharama halali, lakini kila moja ina bei inayojulikana, hulipwa kwa taasisi inayohusika, na hutolewa stakabadhi yenye jina lako. Fedha inayotumwa kwa simu ya mtu binafsi kwa jina la kuhifadhi nafasi haimo katika kundi hilo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mkopo wa ndugu yako, hata kama tangazo lingekuwa la kweli. Kazi ya msimu ina mwisho wake uliopangwa. Aliyekopa kiasi kinacholingana na ujira wa miezi minne kwa ajili ya mkataba wa miezi sita amebakiza miezi miwili ya kujifanyia kazi mwenyewe, na mvua ikinyesha au mavuno yakichelewa hata hiyo hupungua. Baya zaidi, mwenye deni hawezi kumwambia msimamizi hapana. Atavumilia chumba kibovu, saa zilizoibwa na matusi, kwa kuwa kurudi nyumbani mapema ni kurudi kwa mdai.

Nchi zipi hasa zinachukua watu wa mataifa yote? Kila ukurasa unataja nchi tofauti, na mingine inasema Australia inatafuta wachuma matunda kutoka kila mahali.

Swali lako ni la msingi, kwa sababu watu wengi hupoteza muda wakiomba katika mipango ambayo haikuwekwa kwa ajili ya raia wa nchi zao. Australia ina mpango uitwao PALM, ambao umefunguliwa kwa nchi 9 za visiwa vya Pasifiki pamoja na Timor-Leste. New Zealand ina mpango wake wa RSE ulioanza mwaka 2007, nao kwa sehemu kubwa huchukua watu wa visiwa vya Pasifiki. Vijana unaowaona katika picha wakichuma matunda Australia huku wakitembea nchi nzima wengi wao wana viza ya likizo na kazi, inayotokana na makubaliano kati ya Australia na nchi fulani. Kama nchi yako haimo katika orodha, hakuna wakala anayeweza kukuingiza humo. Mpango mkongwe wa Kanada wa vibarua wa kilimo, ulioanza na Wajamaika mwaka 1966, ni wa raia wa Meksiko na nchi kadhaa za Karibiani tu. Kanada hiyohiyo, hata hivyo, ina njia nyingine ya kilimo inayomruhusu mwajiri kuajiri kutoka nchi yoyote, na hiyo ndiyo ya kuuliza.

Katika Umoja wa Ulaya kuna Maelekezo Namba 36 ya mwaka 2014 kuhusu wafanyakazi wa msimu kutoka nje ya Umoja, ambayo hayazihusu Denmark na Ayalandi. Kila nchi huchagua kikomo cha ukaaji kati ya miezi 5 na 9 katika kipindi cha miezi 12, na kila nchi hubaki na uhuru wa kuamua itapokea watu wangapi. Ndiyo maana Hispania huleta wanawake kutoka Moroko kwenda kuchuma stroberi katika mkoa wa Huelva kwa makubaliano ya serikali mbili, na Italia hutoa idadi ya nafasi kwa amri ya serikali. Kuwapo kwa sheria ya pamoja hakumaanishi kwamba kuna mlango mmoja wa kuingilia.

Uingereza haina orodha ya uraia kwa viza yake ya msimu, ambayo katika kilimo cha matunda, mboga na maua haizidi miezi 6. Waendeshaji wenye leseni ndio wanaoamua waende nchi gani kusajili, nao hubadilisha nchi hizo kadiri ya mahitaji na kadiri watu wa nchi fulani walivyotii masharti ya viza msimu uliotangulia. Ni vyema kufuatilia matangazo ya waendeshaji hao wenyewe badala ya kungoja habari za kuambiwa.

Marekani, katika H-2A, sehemu kubwa ya wafanyakazi ni Wameksiko, na wanaowafuatia kwa wingi ni Waafrika Kusini, ambao wengi wao huitwa kwa sababu wanajua kuendesha matrekta makubwa na mashine za kuvunia nafaka. Tutalirudia jambo hilo hapa chini.

Je, naweza kwenda kwa viza ya utalii, nikatafuta shamba nikiwa kule kule, kisha nikabadilisha viza?

Hapana. Viza ya mgeni haikuruhusu kufanya kazi ya ujira. Hata mwenye shamba mwenye nia njema hawezi kukuhalalisha kwa kukupenda tu, kwa kuwa kibali chake huombwa ukiwa nje, isipokuwa kwa mazingira machache sana. Ukikamatwa unaweza kufungiwa kuingia tena kwa miaka, na usipokamatwa utakuwa na mwajiri anayejua kwamba huwezi kumshitaki akikataa kukulipa.

Nimepokea mkataba wa kurasa nyingi kutoka kwa mwajiri ambaye nimemhakiki na yupo. Malipo yanatajwa kwa kilo, lakini pia kuna kiwango cha saa. Nisome nini kwa makini kabla ya kutia sahihi?

Hongera kwa kufika hapo, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya sahihi.

Anza na saa zilizohakikishwa. Saa zinazotarajiwa ziache kando. Mikataba ya shamba hupenda kusema kwamba kazi inaweza kufika saa 48 kwa wiki au zaidi, na msomaji huanza papo hapo kupiga hesabu kwa 48, ilhali anachoweza kudai mbele ya sheria ni kile kilichohakikishwa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2023, kibarua wa msimu anatakiwa kuhakikishiwa malipo ya saa zisizopungua 32 kwa wiki. Mwajiri wa H-2A anatakiwa kutoa kazi ya angalau robo tatu ya saa zote za mkataba au kuzilipia, kwa hiyo mkataba wa saa 1,000 una uhakika wa saa 750. Mpango wa Kanada wa nchi za Karibiani na Meksiko unataka mwajiri atoe saa zisizopungua 240 ndani ya wiki 6. Piga hesabu yako yote kwa kiwango cha chini, na kitakachozidi kihesabu kuwa bahati ya msimu.

Malipo kwa kilo yanahitaji maelezo kidogo, kwa sababu humvutia mtu mwenye nguvu na kumvunja moyo katika wiki ya kwanza. Mchumaji mpya huwa mzito. Hajajua kutofautisha tunda lililoiva na lile linalohitaji siku mbili zaidi, anachuma pamoja na yaliyochubuka, na kreti yake hukataliwa kwenye mizani ilhali jirani yake amekwisha kupeleka ya tatu. Mazao nayo hayaivi kwa mkupuo mmoja: mwanzo wa msimu matunda ni haba na mtu hutembea mstari mrefu ili apate kilo chache, katikati hujaa hata mikono haitoshi, na mwishoni hupungua tena. Kwa hiyo uliza: nikichuma kidogo kuliko kiwango cha saa, je, mtanifidia tofauti? Nchini Uingereza malipo kwa kilo hayawezi kushuka chini ya kima cha chini cha kisheria kwa saa ulizofanya kazi, na nchi kadhaa zina kanuni kama hiyo. Katika mkataba wako, kiwango cha saa kilichotajwa huenda ndicho kinachofanya kazi hiyo ya kufidia, lakini usikisie. Andika barua pepe, uulize, na utunze jibu. Uliza pia kiwango cha chini cha uzito kwa siku ni kipi, na atakayeshindwa kukifikia hupewa muda gani wa kujifunza kabla ya kuachishwa.

Baada ya hapo soma makato kwa kalamu mkononi. Malazi hukatwa kiasi gani kwa wiki, na je, hukatwa hata wiki ambayo hukupewa kazi? Basi la kwenda shambani ni la bure? Nani ananunua buti, glavu na makoti ya mvua? Hapa sheria zinatofautiana sana. Mwajiri wa H-2A anatakiwa kumpa malazi ya bure mfanyakazi aliyetoka mbali, kumsafirisha kati ya malazi na shamba, kumpa vifaa vya kazi, na kumrudishia nauli ya kujia akishamaliza nusu ya mkataba; akiumaliza wote, hulipiwa na nauli ya kurudi. Umoja wa Ulaya unaruhusu mwajiri kutoza kodi ya nyumba, ila isiwe kubwa kupita kiasi ikilinganishwa na ujira halisi wa mfanyakazi na ubora wa chumba, na isikatwe moja kwa moja kutoka kwenye mshahara. Uingereza inaruhusu makato ya malazi, ikiweka kikomo cha kiasi kinachoweza kuhesabiwa dhidi ya kima cha chini cha mshahara, na nauli ya ndege kwa kawaida huwa ni ya mfanyakazi mwenyewe. Mishahara miwili inayofanana kwa saa inaweza kuacha akiba zisizofanana hata kidogo.

Usipite haraka kwenye sehemu ya bima. Kazi ya kuinama siku nzima chini ya mahema ya plastiki, ambako joto la ndani hushinda la nje, na karibu na mimea iliyonyunyiziwa dawa, ina ajali na maradhi yake. Mkataba uonyeshe nani analipa ukiumia kazini, na nani analipa ukiugua malaria au jino usiku wa manane, kwani mara nyingi hizo ni bima mbili tofauti.

Mwisho, mkataba uwe katika lugha unayoielewa vizuri, na uupate kabla ya kuomba viza. Ukiambiwa kwamba mkataba halisi utausaini ukifika, na kwamba huu ni wa ubalozi tu, simama hapo. Hiyo ni dalili kwamba mmoja kati ya mikataba hiyo miwili ni wa uongo, na huo wa uongo huwa ndio mzuri.

Nina shahada lakini sina uzoefu wa kilimo, na Kiingereza changu ni cha wastani. Mke wangu pia angependa tuende pamoja. Tuna nafasi?

Shahada haisaidii wala haizuii, ingawa si busara kuificha, maana fomu za viza huuliza elimu na jibu la uongo linaweza kukuharibia hata maombi ya baadaye. Waajiri huangalia kama umetimiza miaka 18, kama mwili wako unahimili saa nyingi za kuinama au kubeba, na kama utakaa hadi mwisho wa mkataba. Lugha inayotakiwa kwa kawaida ni ya kuelewa maelekezo ya kazi na ya usalama.

Uzoefu ni suala jingine, na hapa tunarudi kwa Waafrika Kusini tuliowataja. Kazi ya kuchuma hufundishika kwa siku chache, kwa hiyo washindani wake ni wengi mno. Anayejua kupogoa mizabibu, kurekebisha mifumo ya umwagiliaji wa matone, kuendesha trekta au kutengeneza pampu iliyokwama ana uwanja mpana zaidi, na mara nyingi malipo bora. Kama una miezi kadhaa kabla ya msimu ujao, tungependelea uitumie kufanya kazi katika shamba lolote la karibu na kupata barua ya mwajiri, kuliko kujaza fomu mia kwenye intaneti.

Kuhusu mkeo, viza za msimu kwa kawaida hazina nafasi ya familia. Uingereza hairuhusu kabisa mtegemezi kufuata mwenye viza hiyo. Marekani inamruhusu mwenza wa mwenye H-2A kuingia, lakini haimruhusu kufanya kazi. Njia inayobaki ni kila mmoja aombe nafasi yake mwenyewe, nanyi mkubali kwamba mnaweza kupangiwa mashamba yaliyo mbalimbali.

Mdogo wangu wa kike alikwenda kihalali kabisa. Sasa anasema msimamizi amechukua pasipoti yake "ili isipotee", saa za kazi ni chini ya zilizoandikwa, na akilalamika anatishiwa kurudishwa. Anafikiria kutoroka aende mji mwingine alikosikia kuna kazi. Tumshauri nini?

Poleni. Mshaurini asitoroke kabla ya kujaribu njia hizi, isipokuwa kama yuko katika hatari ya kudhuriwa, kwani hapo jambo la kwanza ni kupiga simu polisi. Akitoroka kwenda kufanya kazi mahali pasiporuhusiwa na viza yake, kosa litahama kutoka kwa mwajiri kuja kwake.

Mwajiri hana haki ya kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Kanada, Marekani na Uingereza zinalitazama jambo hilo kama kosa, tena huwa ni dalili mojawapo ya kazi ya kulazimishwa. Aiombe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, ili kuwe na ushahidi. Wakati huohuo aanze kuandika kila siku saa aliyoanza, saa aliyomaliza, kilo alizochuma na jina la msimamizi, na apige picha kila hati ya mshahara, kisha awatumie ninyi nyumbani. Daftari la namna hiyo, lililoandikwa siku kwa siku, hupewa uzito na wakaguzi kuliko maelezo ya kukumbuka baadaye.

Njia ya kumhama mwajiri ipo katika mipango mingi, ingawa wasimamizi hawaitangazi. Nchini Uingereza huombwa kwa mwendeshaji aliyemdhamini, ambaye anaweza kumhamishia shamba lingine. Umoja wa Ulaya unatoa nafasi ya kubadili mwajiri angalau mara moja ndani ya muda unaoruhusiwa. Kanada, tangu mwaka 2019, hutoa kibali huria cha kazi kwa mfanyakazi anayeonyesha kwamba ananyanyaswa au yuko katika hatari ya kunyanyaswa. Marekani humtaka mwajiri mpya mwenye kibali cha H-2A amwombee. Malalamiko ya ujira yapelekwe kwa wakaguzi wa kazi wa nchi aliyoko, na kama anaogopa kujitokeza, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kutetea wahamiaji yanaweza kumsindikiza. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawatambua wasaidizi wa namna hiyo. Aujulishe pia ubalozi wa nchi yake, kama upo huko, hasa kwa ajili ya pasipoti.

Tunajua kwamba msimamizi humtisha akijua wengi hawana habari na mambo haya. Ukali wa sheria hizi ulinunuliwa kwa gharama kubwa. Uingereza iliweka sharti la leseni kwa wanaosambaza vibarua wa mashambani mwaka 2004, mwaka uleule ambao wafanyakazi wa Kichina wasiopungua 21 walizama Morecambe Bay baada ya kupelekwa ufukweni usiku kuokota kombe maji yakijaa.

Namaliza mkataba wangu wa kwanza mwezi ujao, na sijapata tatizo lolote. Nifanye nini ili niitwe tena, na je, nitarudishiwa kodi niliyokatwa?

Mwambie msimamizi wako mapema, na kwa maandishi, kwamba ungependa kurudi. Wakulima hupenda watu wanaojua tayari mistari ya shamba lao, na mipango kadhaa humruhusu mwajiri kutaja kwa majina watu anaowataka msimu unaofuata. Sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka nchi wanachama kumrahisishia kurudi mtu aliyewahi kufanya kazi ya msimu huko ndani ya miaka 5 iliyopita na kutii masharti. Sharti kuu kuliko yote ni kuondoka kabla viza haijaisha. Tunza pasi ya ndege na muhuri wa kutoka, kwa kuwa afisa wa viza anaweza kutaka kuona kwamba uliondoka kwa wakati.

Kuhusu kodi, inategemea nchi na kiasi ulichopata kwa mwaka mzima wa kodi. Mfanyakazi wa msimu hukatwa wakati mwingine kana kwamba ataendelea kulipwa hivyo miezi yote 12, na hapo huweza kudai sehemu irudishwe. Kwa hiyo usiondoke bila hati ya mwisho ya mshahara, karatasi ya kuonyesha jumla ya kodi iliyokatwa, na namba yako ya kodi ya nchi hiyo. Dai lenyewe lifanye kupitia tovuti ya mamlaka ya kodi, maana makampuni yanayojitolea kukudaia huchukua fungu nono kwa kazi ya kujaza fomu moja. Mwombe pia mwajiri barua ya utumishi yenye tarehe na aina ya kazi. Na akaunti ya benki uliyofungua huko usiifunge siku ya kuondoka, kwa sababu mshahara wa wiki ya mwisho, malipo ya likizo ambayo hukuitumia na kodi itakayorudishwa vinaweza kuingia ukiwa umekwisha kufika nyumbani.